Kijana Apewe Namba ya Nani?

Ijumaa Kuu ya mwaka 2021, tarehe 2 Aprili, mshambuliaji Josh Bruce wa Western Bulldogs alifunga magoli 10 peke yake dhidi ya North Melbourne. Kwa msomaji asiyeufuatilia mpira wa Kiaustralia: goli moja ni pointi sita, timu inaingiza watu 18 uwanjani, na mshambuliaji aliyefunga matatu hurudi nyumbani akiwa ameridhika kabisa. Kumi ni siku ya kuwasimulia wajukuu.

Wakati huohuo Bulldogs walikuwa na mshambuliaji mwingine mrefu ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja ya ligi kuu, AFL. Jamarra Ugle-Hagan alikuwa chaguo la kwanza la drafti ya Desemba 2020, ule mgao wa kila mwaka ambapo klabu hupokezana zamu kuchukua vijana waliofikisha umri wa miaka 18. Wa kwanza katika nchi nzima. Adelaide walimtaja, Bulldogs wakatumia haki waliyokuwa nayo kwa kuwa alitoka kwenye akademi yao, wakambakiza. Na bado, wiki baada ya wiki, kikosi kilipotangazwa jina lake halikuwemo. Aprili ikapita, Mei ikapita, Juni ikapita. Kocha Luke Beveridge alimpa mechi ya kwanza raundi ya 17, mwezi Julai, dhidi ya Sydney.

Mjadala wa mashabiki miezi ile ulikuwa mkali, na naukumbuka vizuri kwa sababu unarudi kila msimu ukiwa umevaa jina la kijana mwingine. Upande mmoja ulisema: mmemchukua wa nini kama hamtaki kumtumia? Upande wa pili ukasema: mwacheni mtoto akomae, mabega yenyewe bado membamba. Kila upande ulihesabu magoli yake ya timu ya akiba na kuyasoma ulivyotaka. Sikusikia wengi wakijibu swali ambalo kocha hawezi kulikwepa: haya, aingie, lakini achukue namba ya nani? Ya Bruce, aliyetoka kufunga kumi? Ya Aaron Naughton, kijana mwenzake aliyekuwa tayari mmoja wa wadakaji hodari wa mipira ya juu katika ligi nzima? Bulldogs walicheza fainali mwaka ule. Hawakuwa timu inayotafuta watu wa kujaza mapengo.

Mimi nilikuwa upande wa Beveridge wakati ule, na hadi leo naona alikuwa sahihi. Sababu zangu zinaanzia kwenye hesabu.

Ligi ina klabu 18. Kila klabu ina wachezaji zaidi ya 40 walioandikishwa, na siku ya mechi wanatakiwa 23 tu, wanaoanza pamoja na wa benchi. Toa majeruhi, ambao katika mchezo huu wa kugongana bila kinga mwilini hawakosekani wiki yoyote. Kocha anabaki na watu thelathini na kitu wenye afya. Kati ya hao, kama ishirini majina yao yanajulikana kabla mvua ya Jumatatu haijakauka. Kelele zote za Alhamisi jioni vikosi vikitoka ni kelele za namba mbili, tatu. Na namba hizo mbili tatu haziko wazi kwa kila anayecheza vizuri, maana kila namba ina kazi yake. Akiumia yule mtu mrefu wa katikati anayeruka kugombea mpira refa anapouanzisha upya, kijana mfupi aliyefunga manne kwenye timu ya akiba hana faida na msiba huo. Atasubiri aumie mfupi mwenzake.

Ndiyo maana vijana warefu wanateseka zaidi. Anayefuatilia soka anamjua golikipa wa pili: anaweza kuwa hodari, anaweza kufanya mazoezi vizuri kuliko wote, na bado akamaliza msimu akiwa amevaa jaketi kwenye benchi, kwa sababu lango ni moja. Mtu mrefu wa mpira wa Kiaustralia anaishi maisha ya golikipa wa pili, tena mwili wake unachelewa kuliko wa wenzake. Max Gawn wa Melbourne alichaguliwa wa 34 katika drafti ya 2009, akacheza mechi ya kwanza 2011, akapambana na magoti, na ilichukua miaka kabla hajawa mtu wa kudumu kikosini. Mwaka 2021 alikuwa nahodha aliyeinua kombe. Shabiki aliyemkatia tamaa mwaka 2012 hakuwa mjinga. Alikuwa anamsoma mrefu kwa saa ya wafupi.

Sasa tuje kwenye takwimu za timu za akiba, maana hapo ndipo mjadala unapopotea njia.

Klabu za Victoria na za mashariki hupeleka akiba zao kwenye VFL, za Australia Kusini kwenye SANFL, za Magharibi kwenye WAFL. Hizi si ligi za watoto. Ni ligi kongwe, zenye wapenzi wake na makombe yake. Lakini wengi wa wachezaji wake wana kazi nyingine; ukikutana na beki wa Werribee au Williamstown Jumatatu, huenda anafundisha shule au anafunga nyaya za umeme. Kijana wa AFL anayefanya mazoezi kutwa anamkuta huyo Jumamosi akiwa na wiki nzima ya kazi mwilini. Kwa hiyo nikisikia kinda amegusa mpira mara 28 kwenye VFL, nauliza aliupata wapi. Aliupokea akiwa peke yake pembeni, au aliuchomoa katikati ya rundo la watu wanne? Alipoupiga, ulimfikia mwenzake anayekimbia au ulitua kwa adui? Timu yake ilipopoteza mpira, alirudi?

Swali hili la mwisho ndilo linaloamua, na ndilo lisiloonekana kwenye karatasi ya takwimu. Mshambuliaji wa leo katika AFL analipwa kufunga na analipwa vilevile kuwazuia mabeki wasitoke na mpira. Kijana aliyefunga magoli matano kwenye timu ya akiba huku mabeki wakimpita wanavyotaka amemwonyesha kocha kwamba akipelekwa juu, wapinzani watatokea upande wake. Aliyefunga moja lakini akakimbiza, akakaba, akalazimisha mpira uende nje mara sita, huyo ndiye anayepigiwa simu. Shabiki anaiona karatasi na kukasirika. Kocha ameitazama video yote ya mechi.

Nasema haya bila kumdharau shabiki. Kuna nyakati ambapo yeye aliona na klabu hazikuona. Sam Mitchell alipitwa na klabu nyingi kwenye drafti ya 2001 hadi Hawthorn walipomchukua akiwa wa 36. Ilisemekana hana kasi. Mwaka uliofuata, akicheza zaidi na Box Hill, klabu ya VFL iliyoshirikiana na Hawthorn, alishinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi ile nzima. Mwaka 2003 akawa mchezaji bora chipukizi wa AFL, baadaye akawa nahodha aliyenyanyua kombe. Aliyekuwa akienda Box Hill kumtazama mwaka 2002 alikuwa na haki kabisa ya kupiga kelele. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake, na ulikuwa ushahidi wa kazi ileile aliyokuja kuifanya juu: kuchukua mpira chini ya miguu ya watu na kuutoa kwa mkono wowote.

Mwingine ni Mabior Chol. Alizaliwa Sudan, akakulia Brisbane, Richmond wakamwandikisha mwishoni mwa 2015. Hadi anaondoka mwishoni mwa 2021 alikuwa amecheza mechi 31 tu. Lakini angalia timu aliyokuwamo! Richmond walitwaa ubingwa 2017, 2019 na 2020. Mbele walikuwa na Jack Riewoldt, na tangu 2019 na Tom Lynch. Chol angemtoa nani pale? Alihamia Gold Coast, na katika msimu wake wa kwanza, 2022, akaongoza klabu yake kwa magoli 44. Je, alikuwa mchezaji mwingine? Mwili uleule, mikono ileile, kilichobadilika ni kwamba Gold Coast walikuwa na kazi iliyokosa mtu.

Kuna wale wanaoingia moja kwa moja, na hao ndio wanaowaharibia wenzao hesabu. Nick Daicos alicheza raundi ya kwanza ya 2022 na Collingwood, akamaliza mwaka akiwa chipukizi bora, na tangu hapo kila kinda wa katikati anapimwa kwa Daicos. Si haki. Mwaka huohuo Jason Horne-Francis, chaguo la kwanza la drafti iliyomleta Daicos, naye alicheza raundi ya kwanza, katika North Melbourne iliyokuwa inaburuza mkia. Msimu ulipokwisha aliomba kuondoka, akaenda Port Adelaide, na huko ndiko alikochanua. Kupata namba mapema kwenye timu dhaifu ni rahisi. Nani atakulinda ukiwa na miaka 18, kila wiki mnafungwa, na majina ya wakubwa wa kukufundisha ni machache?

Mfano ninaoupenda kuliko yote unaanzia Kenya, Kaunti ya Turkana.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Miaka miwili baadaye, Septemba 1994, alizaliwa pale Aliir Aliir, mtoto wa familia iliyokimbia vita kusini mwa Sudan. Alifika Australia akiwa mtoto, akaukuta mchezo huu akiwa tayari ana miguu mirefu na mazoea ya michezo mingine, akapitia Brisbane, kisha Perth, akacheza na East Fremantle. Sydney Swans walimchagua wa 44 mwaka 2013.

Mwaka 2014 hakucheza hata mechi moja ya AFL. Mwaka 2015 hakucheza. Swans walikuwa mabingwa wa 2012, na mabeki wao warefu, Ted Richards na Heath Grundy, walikuwa bado wapo, bado wanacheza. Timu ya akiba ya Sydney wakati ule ilikuwa kwenye ligi ya kaskazini-mashariki, NEAFL, ambako Swans mara nyingi walishinda kwa mabao ya kutisha. Fikiria ugumu wa kumpima beki kwenye timu ambayo mpira hauji upande wake! Yeyote aliyesema wakati ule kwamba anajua kwa hakika Aliir atafika au hatafika alikuwa anabahatisha.

Nafasi ilikuja 2016. Aliingia, akadaka mipira iliyopigwa kwa wengine, akabaki kikosini hadi mechi ya kufuzu fainali dhidi ya Geelong. Pale goti likamsaliti. Swans wakaingia fainali bila yeye, wakafungwa na Western Bulldogs ambao hawakuwa wameonja ubingwa tangu 1954. Mwaka uliofuata alicheza mara chache tu. Akarudi, akacheza, akaachwa, akacheza tena. Mwishoni mwa 2020 Sydney walimwachia aende Port Adelaide. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza huko, alitajwa katika kikosi bora cha ligi nzima.

Kuna neno ambalo linanichoma katika mijadala ya vijana wenye asili ya Afrika: mbichi. Kinda mweupe wa mashambani mwa Victoria akikosea, husemwa kwamba anajifunza. Kinda wa Kisudani akikosea, ni mbichi; akifanya vizuri, ana mwili wa ajabu, anaruka, ana kasi. Miguu ndiyo inayosifiwa, kichwa hakitajwi. Sasa tazama kilichompeleka Aliir kwenye kikosi bora cha mwaka. Kazi yake Port ilikuwa kumwacha mtu wake kwa wakati sahihi na kwenda kuudaka mpira wa mtu mwingine. Ukimwacha mapema, yule mpigaji anakuona na kumpigia uliyemwacha. Ukichelewa, hufiki. Beki wa namna hii anasoma bega la mpigaji, upepo, na mbio za watu wanne kabla mpira haujaondoka mguuni. Hiyo ni kazi ya akili, labda nzito kuliko zote uwanjani, na aliyeifanya vizuri kuliko karibu kila mtu ni kijana ambaye hakulelewa na mchezo huu tangu akiwa na miaka mitano. Kwa hiyo mashabiki wakianza kumjadili Mwafrika mwingine wa miaka 19 na mtu akatamka "mbichi", namwomba aseme ni nini hasa hakijaiva. Ni mkono wa kushoto? Ni pumzi ya robo ya nne? Ni kusimama mahali pasipofaa mpira ukiwa upande wa pili? Vitu hivyo vina majina yake, na kila kimoja kina zoezi lake.

Na kama kuna aliyedhani Sydney hawakupoteza kitu, kulikuwa na Jumamosi ya Pasaka, Aprili 2023, pale uwanja wa SCG, Sydney. Port walikuwa mbele kwa pointi chache, king'ora kimeshalia, na Ollie Florent wa Sydney amebakiziwa teke moja la mwisho. Akapiga mbali, mpira ukaelekea mstarini. Aliir akaruka, akaugusa kabla haujavuka, na akajibamiza kwenye nguzo ya goli. Mechi ikaishia hapo.

Wahenga wametupa mawili. Makocha hushika haraka haraka haina baraka, mashabiki hushika ngoja ngoja huumiza matumbo, na nimeshatoa wachezaji wa kuthibitisha yote mawili. Ninachokikataa ni kuyasema bila kumtazama kijana mwenyewe na mtu aliyekaa kwenye namba yake. Jeremy McGovern wa West Coast alirudishwa kutoka mazoezini kabla ya msimu wa 2014 kwa kuwa mwili wake haukuwa sawa. Hapo kusubiri hakukuwa dhuluma, alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, na alipoufungua aliingia kikosini mwaka uleule. Ameteuliwa kikosi bora cha ligi mara tano. Kumtetea kijana kama huyo asipangwe chini ingekuwa kumnyima kitu alichokihitaji zaidi.

Tena nadhani tunasahau kwamba anayetolewa ni mtu. Kila kampeni ya kumwingiza kinda ni kampeni ya kumtoa mwingine, mara nyingi mtu wa miaka 24 asiye na jina kubwa, anayefanya kazi isiyoandikwa magazetini, na mkataba wake unaisha Oktoba. Mashabiki hawamtaji kwa ubaya. Hawamtaji kabisa.

Richmond walilionyesha hili kuliko klabu yoyote ninayoijua. Jack Graham alicheza mechi yake ya kwanza raundi ya 22 ya mwaka 2017, akiwa na miaka 19. Fainali ya mwaka ule dhidi ya Adelaide ilikuwa mechi yake ya tano tu katika AFL. Alifunga magoli matatu. Kinda alipewa namba mwishoni kabisa mwa msimu, timu ikiwa inawania ubingwa, na kocha Damien Hardwick hakulazimika kumwomba radhi yeyote.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2019, Graham aliteguka bega kwenye mechi ya kufuzu fainali dhidi ya Geelong. Aliendelea kucheza hadi mwisho akiwa na bega lile. Richmond wakashinda. Jumapili, siku mbili baadaye, timu ya akiba ya Richmond ilicheza fainali ya VFL, na mchezaji bora wa mechi alikuwa Marlion Pickett, mtu wa miaka 27 aliyechukuliwa katikati ya msimu kutoka South Fremantle na ambaye hakuwa amewahi kucheza AFL. Graham hakupona. Jumamosi tarehe 28, mbele ya watu laki moja pale uwanja wa MCG, Melbourne, asubuhi saa moja na nusu kwetu Afrika Mashariki, Pickett alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu, na mechi hiyo ilikuwa fainali. Halikuwa limetokea tangu 1952. Aligusa mpira mara 22, akafunga goli, wenzake karibu wote wakamkimbilia. Richmond walishinda kwa pointi 89.

Picha za siku ile zinamwonyesha Pickett, na ndivyo inavyostahili. Graham alikuwepo pia, akiwa na miaka 21, bega limefungwa, akiangalia namba yake ikichezwa na mwingine.